Maili Nne za New York

2 Oktoba
Sakitu ya kwanza ya maana leo asubuhi, nyasi zote nyeupe, na simu imeanza. Kila mwaka ni hivyo hivyo: baridi ya usiku mmoja tu, wafugaji wote wa bonde hili wanakumbuka kwa pamoja kwamba wana maksai wa kuchinjwa. Simu tisa kabla ya saa nne. Orrin anajibu, "Ndiyo. Lini? Haya," kisha ananisukumia mimi niandike. Miaka thelathini na minane ya ndoa na bado sijui kama hapendi simu au hapendi watu.

Daftari hili ni la kazi. Nani, mnyama gani, hali ya hewa. Mwaka jana niliandika kwenye bahasha na makaratasi ya mkate, ikafika Desemba nikawa sijui nani ni nani. Mwaka huu nimenunua daftari lenye jalada gumu, kama mama mzima.

4 Oktoba
Mvua ya rasharasha. Maksai wawili kwa jirani yetu Wendell Jenks. Orrin aliwapa ndoo ya mahindi palepale zizini, akasogea taratibu huku anawasemesha, risasi moja moja. Walikufa wanatafuna. Ndivyo anavyofanya siku zote: mnyama hapakizwi lorini, hapelekwi machinjioni akanusa damu za wenzake. Yeye hupiga, mimi huchuna.

Wendell aliongea tangu tunashuka kwenye pikapu hadi tunaondoka. Tangu mkewe afariki hana mwingine wa kuongea naye ila sisi na ng'ombe.
"Shemeji, siku serikali ikija kuchukua bunduki zangu, itanikuta mlangoni."
"Itakukuta umelala, Wendell. Na viatu hujavua."
Orrin alicheka mpaka akakohoa.

9 Oktoba
Bunduki kuu imetuharibikia katikati ya kazi. Kile kichuma kinachogonga risasi kimevunjika. Fundi anasema wiki nne, tena anasema kwa raha zake. Wiki nne, msimu wenyewe ndio huu! Orrin ametoa kabatini bastola ya marehemu baba yake, akaijaribu kwenye kopo juu ya uzio. Inapiga sawasawa. Hapa Vermont bastola haina cheti, kama shoka lisivyo na cheti. Ya baba ni ya mwana, basi.

10 Oktoba
Joto. Nyama haitaki joto. Tumekaa.

13 Oktoba
Daraja la kusini lililobebwa na mafuriko ya Julai bado halijajengwa. Wameweka tu vizuizi vya rangi ya chungwa na mwanamume mmoja wa kuvitazama. Mashamba ya upande ule tunayafikia kwa njia mbili: kuzunguka mlima, karibu saa nzima, au kuingia jimbo jirani la New York maili nne na kutokea tena Vermont. Orrin alitaka mlima. Nikamwambia acha ukaidi, mafuta si maji. Tukapita New York. Kuna mahindi hayajavunwa na kanisa linauzwa. Hakuna kingine.

14 Oktoba
Mvua. Kondoo sita.

15 Oktoba
Mvua. Nguruwe wawili, wabishi. Mgongo wangu jamani.

17 Oktoba
Mvua tena. Tumepita New York kwenda na kurudi. Sasa hata Orrin halalamiki.

22 Oktoba
Sijui nianzie wapi. Nimemwaga kahawa kwenye ukurasa.

Jana nilibaki nyumbani kwa sababu ya mgongo. Orrin alikwenda peke yake kumchinja maksai mmoja upande wa kusini, akamaliza, akawa anarudi. Saa tisa alasiri, ndani ya zile maili nne, akakuta gari dogo la bluu limeingia mtaroni na mwanamke amesimama katikati ya barabara anapiga mayowe. Alikuwa amemgonga kulungu jike. Miguu yote miwili ya nyuma ilikuwa imevunjika, na mnyama alikuwa anajaribu kusimama kwa ya mbele. Anasimama nusu, anaanguka. Anasimama nusu, anaanguka.

Orrin alinisimulia haya leo asubuhi kwa sentensi tano, nikamkamua nyingine zilizobaki.

"Fanya kitu, baba, nakuomba, fanya kitu!" mwanamke alilia. Orrin akatoa mkebe wa chakula nyuma ya kiti cha pikapu, ndani mna bastola imefungwa kitambaa. Akatia risasi moja kutoka mfuko wa shati. Akamwambia mwanamke ageuke. Akapiga mara moja. Akatoa ganda, akaifunga bastola, akairudisha mkebeni.

Halafu akasubiri. Hapo ndipo ninapotaka kujigonga kichwa ukutani. Mtu mwingine yeyote angepanda gari akaja nyumbani kula. Lakini sisi huku tumelelewa hivyo: ukiua kulungu barabarani, unamngoja afisa, unamweleza, ili nyama ipate mtu wa kuila na isioze. Basi mume wangu akakaa nyuma ya pikapu dakika ishirini, akimnywesha mwanamke yule kahawa yake, akimsubiri askari kwa hiari yake mwenyewe.

Askari akaja. Kijana, jina lake Brandt. Akampa Orrin mkono.
"Umefanya jambo jema, mzee. Wengi wangepita."
"Kazi yangu hiyo."
"Umempiga na nini?"
"Bastola. Iko kwenye mkebe wa chakula. Nikuletee?"
"Hapana, kaa hapohapo. Leseni yako?"
"Ya gari?"
"Ya bastola, mzee."
"Vermont hatuna kitu hicho, kijana. Hatujawahi kuwa nacho."
"Hapa si Vermont."
"Najua. Napita tu. Kila siku napita."

Kila siku napita! Mungu wangu. Ulimi uliponza kichwa, na wa Orrin hauongei mwaka mzima, ukaja kuongea siku hiyo.

Yule kijana, anasema Orrin, alitazama daftari lake kana kwamba angependa kulirudisha mfukoni. Lakini alikwisha kuandika. Akamfunga pingu kwa mbele badala ya nyuma kwa sababu Orrin alimwambia bega lake ni bovu. Hiyo ndiyo huruma aliyokuwa nayo. Yule mwanamke akaanza mayowe upya.

Nimemtoa leo asubuhi kwa dhamana. Wamemrudishia kamba za viatu na funguo. Bastola na mkebe vimebaki. Shitaka: kuwa na bastola iliyojaa bila leseni. Adhabu yake huanzia miaka mitatu na nusu gerezani, haishuki hapo. Orrin ana miaka sitini na saba.

Na mimi ndiye niliyemwambia apite New York.

24 Oktoba
Tumeonana na wakili aliyepewa na mahakama, Renata Sefcik. Mwanamke mdogo, ana mafua, meza imejaa mafaili mpaka sakafuni. Nilimchukia kwa dakika kumi za kwanza kwa sababu hakusema "msijali."

"Kuna sheria ya nchi nzima inayomlinda msafiri," alisema. "Ukitoka jimbo ambako silaha yako ni halali kwenda jimbo ambako ni halali, unaruhusiwa kukatiza katikati."
"Si ndiyo hiyo!" nikasema. "Alitoka Vermont anakwenda Vermont!"
"Ndiyo, mama. Lakini iwe tupu, iwe ndani ya sanduku lenye kufuli, na mkono usiifikie. Mkebe ulikuwa na kufuli?"
"Ulikuwa na kamba ya kufungia majani makavu," alisema Orrin. "Fundo zuri."
Wakili alifuta pua. Hakuandika kitu.
"Na risasi zilikuwa mfukoni mwako. Kwa sheria ya hapa, bastola na risasi zake zikiwa kwa mtu mmoja, inahesabiwa imejaa. Hata kabla hujashuka garini, Mzee Prouty. Na uliposhuka ukaitumia, hukuwa msafiri tena."
"Nilikuwa nani?"
"Mtu mwenye bastola New York."
Kisha akatuambia jambo ambalo limenikaa kooni tangu saa ile. Ingekuwa ile bunduki ndefu, ile iliyo kwa fundi, hakuna ambaye angemwomba leseni ya kuwa nayo.

25 Oktoba
Nimepiga simu kumi na saba za kuahirisha. Sharti la dhamana: asiguse silaha yoyote. Baridi nzuri kabisa ya kazi leo, kavu, bila upepo. Tumekaa ndani tunaitazama.

28 Oktoba
Kuna mtu ametuambia tutumie kile chuma cha kubonyeza kichwani mwa ng'ombe kikamzimisha, kama kwenye machinjio ya viwandani, maana hicho si silaha. Orrin alimsikiliza kwa adabu. Kile kinataka ng'ombe abanwe shingo kwenye vyuma, asigeuke. Nani huku ana vyuma hivyo? Wana ndoo na kamba. "Nimekaa miaka arobaini nisimbane mnyama," alisema, akaenda kupasua kuni. Tuna kuni za miaka miwili sasa.

3 Novemba
Theluji ya kwanza, haikushika. Mahakamani, dakika sita. Imeahirishwa.

6 Novemba
Fundi kapiga simu: bunduki imepona. Imepona! Siwezi kuileta hapa. Wendell amekwenda kuichukua kwa niaba yetu, akapita kuchukua na bunduki mbili za kuwindia ndege zilizobaki kabatini. Nilitegemea hotuba, na kweli nilipata.

"Tutafanya maandamano, shemeji. Mabango, watu mia mbili, pale pale mbele ya mahakama yao. Uso wa Orrin kwenye shati. Msafiri mwema afungwa!"
"Hapana," alisema Orrin.
"Hujasikia yote."
"Nimesikia uso wangu kwenye shati."
"Ndugu yangu, wewe sasa si wako peke yako. Wewe ni wetu sote."
"Basi njoo unisaidie kulala pale ndani miaka mitatu."
Wendell alifungua kabati. Alizibeba zile bunduki mbili kwa mikono miwili, moja moja, akizifunika na koti lake zisilowe. Nilimwonea huruma, na sikutaka.

12 Novemba
Yule mwanamke wa kulungu amekuja nyumbani. Nilimwona kupitia dirishani anashuka kwenye lile gari la bluu, taa moja bado imevunjika, ameshika pai ya matufaha. Wiki tatu nimekuwa nikimlaani kila ninapoosha vyombo. Kwa nini asingeendesha polepole? Kwa nini asingelia kimya kimya kama watu wengine? Nilimfungulia mlango na uso wa kumfukuza.

Jina lake Dolores Agnello. Alikuwa muuguzi, amestaafu, anaishi peke yake. Hajaweza kulala, anasema. Alimshika Orrin mikono yote miwili, na Orrin, ambaye hata mimi hunishika mkono kwenye mazishi tu, akamwachia.

"Nimeandika barua kwa mwendesha mashtaka," alisema. "Kurasa nne. Nimemweleza kila kitu. Jinsi ulivyokuwa mtulivu. Jinsi ulivyotoa risasi mfukoni, ukaitia, ukaniambia nigeuke..."

Nilikaa kwenye kiti. Kurasa nne za wema, na kila neno jema ni msumari. Alitoa risasi, akaitia. Ameona kwa macho yake, muuguzi mstaafu, mtu wa kuaminika.

"Nimekosea?" aliuliza, akanitazama mimi.
"Hapana, dada," Orrin alisema. "Si ndivyo ilivyokuwa?"

Tumekula pai. Ilikuwa nzuri. Nililia jikoni, na Dolores akaja akanikuta, akalia na yeye, wanawake wazima wawili na taulo moja ya vyombo. Siwezi kumchukia tena, na sasa sijui hasira niipeleke wapi.

15 Novemba
Msimu wa kulungu umefunguliwa leo. Tangu alfajiri milio msituni, mmoja huku, mmoja kule. Wanaume wote wa bonde wako huko, na wanawake nusu. Orrin alikaa barazani na blanketi magotini. Mara ya kwanza kukosa ufunguzi tangu ana miaka kumi na miwili. Kila mlio ukisikika ananiambia ni wa nani: "Huyo ni Wendell, kakosa. Huyo tena Wendell." Nikamwambia aingie ndani. Hakuingia.

27 Novemba
Sikukuu ya shukrani. Bata mzinga alikauka.

2 Desemba
Theluji hadi kwenye magoti. Imeahirishwa tena.

3 Desemba
Theluji.

9 Desemba
Wakili Sefcik katuita. Mafua bado. Sasa nampenda, kusema kweli. Nimegundua ni mtu asiyekupa matumaini ambayo hana. Mwendesha mashtaka ametoa ofa: Orrin akiri kosa dogo kuliko lile, gerezani haendi, kifungo cha nje miaka mitano.

"Lakini bado ni jinai," alisema. "Mzee, nataka uelewe hili vizuri. Hutagusa silaha tena maisha yako yote. Si New York tu. Popote. Na Vermont pia. Haiwezi kuwa nyumbani mwako, wala kwenye gari ulilopanda, wala mahali unapoweza kunyoosha mkono ukaichukua."
"Na nikikataa?"
"Tunakwenda mbele ya raia kumi na wawili, waamue wao."
"Nitawaeleza."
"Utawaeleza, na watakupenda. Nafikiri wawili watalia. Kisha hakimu atawaambia kuna swali moja tu: alikuwa nayo, ndiyo au hapana? Utajibu nini?"
"Ndiyo."
"Basi miaka mitatu na nusu. Hakimu hata akitaka kupunguza, sheria imemfunga mikono."

Tumerudi kupitia mlimani tusipite tena zile maili nne, saa nzima, theluji inapiga kioo.

10 Desemba
Tumegombana. Naandika ili nikumbuke nilichosema, maana sijivunii.

"Mimi si jambazi," alisema. "Nikisema nakiri, nimesema ni jambazi."
"Sema uwe unakula nyumbani!"
"Nitafanya kazi gani, Claudette?"
"Utapasua kuni! Utanitazama nikizeeka! Heri nusu shari kuliko shari kamili."
"Wale kumi na wawili ni watu. Wana masikio."
"Yule kijana Brandt alikuwa na masikio. Alikupa mkono kwanza, Orrin! Alikupa mkono! Huo ukweli wako umetufikisha wapi? Ungefunga tu mdomo wako, ungesema tu 'sijui, nimemkuta amekufa,' tungekuwa tunachinja leo!"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake. Kisha akavaa koti akaenda ghalani. Alirudi giza linaingia, miguu imelowa, akakaa, akasema, "Sawa." Hilo tu. Nilishinda, na sijawahi kushinda kitu kibaya namna ile.

18 Desemba
Mahakamani. Ubaridi wa kukata masikio. Dolores alikuja, akaketi nyuma yangu, akaweka mkono begani mwangu muda wote. Wendell alikuja na tai. Askari Brandt alikuwepo pia kwa kesi nyingine. Alipotuona alitoka nje, na nikamwona kupitia kioo cha mlango amesimama tu ukumbini, kofia mkononi. Nilikuwa nimemtengenezea maneno tangu Oktoba. Nilipompita nilitazama kofia yake tu.

Hakimu ni mzee wa makamo, sauti ya upole. Alimuuliza Orrin maswali moja baada ya jingine, na jibu la kila moja ni "ndiyo, Mheshimiwa." Ulikuwa na bastola? Ndiyo. Ulikuwa huna leseni ya jimbo hili? Ndiyo.
"Mheshimiwa, huko kwetu hakuna..."
"Mzee Prouty. Ndiyo au hapana."
Orrin akamtazama wakili wake. Wakili akatazama meza.
"Ndiyo."

Hakimu alimwambia kwamba kwa maoni yake binafsi anasikitika. Nilitamani asingesema. Kama wote mnasikitika, kuanzia askari hadi hakimu, basi ni nani anayefanya jambo hili?

Amesaini karatasi saba. Mkono wake, ambao haujawahi kutetemeka mbele ya mnyama, uliandika jina lake vibaya na ikabidi arudie.

25 Desemba
Kanisani. Nyumbani. Supu ya njegere.

29 Desemba
Sasa mpigaji ni mimi. Liwalo na liwe. Wafugaji wanapiga simu bado, na maksai hawajui habari za mahakama. Wendell amenifundisha wiki nzima kwa kulenga makopo, na kwa mara ya kwanza maneno yake yalikuwa na faida. Bunduki inakuwa ya mwenye shamba. Orrin anabaki barabarani, nje ya geti, hadi nipige na bunduki ifungiwe. Kisha anaingia na kisu.

Leo maksai wa kwanza. Orrin alinieleza nyumbani mahali pa kulenga, alinichorea kwa mkaa kwenye ubao wa kukatia mkate. Nilimpa mnyama ndoo, nikamsemesha. Nikapiga. Alianguka vizuri. Nikatapika nyuma ya trekta.

5 Januari
Kondoo wawili. Sikutapika.

11 Januari
Mvua juu ya theluji, kisha baridi kali. Bonde zima ni kioo. Nimewaambia watu wote wasubiri.

14 Januari
Nilikwenda mjini kuchukua dawa ya mgongo, nikaendesha kama kobe kwenda na kurudi. Huku bondeni simu ya mkononi haishiki. Niliporudi, karatasi mezani, mwandiko wa Orrin: *Kwa Wendell. Njoo upesi.* Hakuandika saa.

Nilipofika kwa Wendell, niliwasikia kabla sijawaona. Ng'ombe mzee wa Wendell, anamwita Pansy, aliteleza kwenye barafu kando ya hori la maji, miguu ya nyuma ikapanuka huku na huku, nyonga ikavunjika. Alikuwa amelala kifudifudi, anaguna kwa sauti iliyokwisha kukauka. Wendell alikuwa amepiga magoti kwenye barafu, bunduki juu ya mapaja, uso umejaa machozi na kamasi. Orrin alikuwa ameketi mbele ya ng'ombe, kidevu cha ng'ombe juu ya paja lake, na mikono yake yote miwili ameitia ndani ya mifuko ya koti.

"Saa nzima na zaidi, shemeji," Wendell alisema. "Nimejaribu. Nimeinua mara nne. Ananitazama." Mtu mwenye bunduki kumi na nne, na hajawahi kumuua mnyama aliyempa jina. "Nikampa mzee wako. Nikamwambia, shika, Orrin, tuko sisi wawili na ng'ombe, nani atajua? Nitaapa mbele ya Mungu ni mimi niliyepiga."

Nilimtazama Orrin.
"Kwa nini usishike?" nilisema. Ndiyo, mimi nilisema hivyo. Ningependa kusema sikusema.
"Wakija kuniuliza, nitawaambia," alisema. "Unanijua, Claudette."

Namjua. Kila mwezi anaketi mbele ya afisa wa kifungo cha nje, na afisa anamuuliza kama amegusa silaha. Atamwambia ndiyo, na palepale miaka yake inaanza. Nilikuwa na hasira ya kumpiga, na nilikuwa nampenda mpaka kifua kinauma, vyote viwili, hapo kwenye barafu.

Nikaichukua bunduki kwa Wendell. Orrin alinyanyua kichwa cha ng'ombe kwa goti, polepole, bila kutoa mikono mfukoni, akakiteremsha kwenye barafu. Akasimama, akaenda kuelekea getini kama karatasi za mahakama zinavyosema. Na yule ng'ombe akageuza kichwa kumfuata. Nikamwita, nikamsemesha, nikamwekea mahindi puani. Hakutaka. Aliendelea kumtazama Orrin hadi akapita geti, shingo imepinda, na mimi paji lake silioni sawasawa.

Ya kwanza niliipiga vibaya. Sitaandika zaidi. Ya pili ilimaliza.

Wendell aliipeleka bunduki ndani, akaifungia, nikasikia ufunguo. Ndipo nikampungia Orrin mkono. Alikuwa amesimama barabarani, mgongo kwetu, ameziba masikio kwa viganja vyote viwili. Ilibidi niende nimguse bega. Alirudi nami akichagua pa kukanyaga. Akatoa kisu.

"Ilikuwa moja?" aliuliza.
"Moja," nilisema.

Wendell alikuwa ametoka, amesimama pale na domo lake lote, akatazama viatu vyake. Orrin alipiga magoti kwenye barafu kando ya kichwa cha Pansy, akalipapasa paji lake kwa kidole gumba, tundu la risasi la juu, kisha la pili, la chini.

"Haya," alisema. "Moja." Akakata koo, akaniambia nishike mguu wa mbele.